“Ukuta wa Moto”: Istilahi Moja na Ulinzi wa Kompyuta ya Nyumbani

Miongoni mwa maneno ya kompyuta yaliyoingia katika Kiswahili kwa kasi kupita uwezo wetu wa kuyapima, mojawapo ni “ukuta wa moto”. Neno hili limo vinywani mwa wauzaji wa kompyuta na limo katika maelezo ya mafundi. Wapo waandikao “ukutamoto” kwa kuyaunganisha maneno mawili. Wengine hupendelea “kingamoto”. Na wengine husema “ngome” tu, wakauacha moto kando. Katika makala haya nakusudia kueleza ni kitu gani hasa kinachotajwa na majina hayo, kinafanya kazi gani katika kompyuta iliyo nyumbani kwa mtu, na kwa njia gani mwenye kompyuta aweza kujua kama kinamlinda ama kinampa usingizi tu. Swali la lugha na swali la ulinzi hapa hayatengani. Niliyashuhudia yakikutana katika nyumba moja mjini Tabora, na hasara yake haikuwa ndogo.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu. Kwa kuwa watu humwamini, chama kimoja cha kuweka na kukopa cha mtaani kwake kilimkabidhi daftari la wanachama, naye akalihamishia katika kompyuta yake: majina, akiba, mikopo, na tarehe za marejesho, hesabu za miaka sita. Alinunua furushi la programu za ulinzi, yaani zile programu kadhaa ziuzwazo pamoja kwa leseni moja: ya kusaka virusi, ya kuchuja barua pepe, na huo “ukuta wa moto”. Nilipomtembelea nilimwuliza, “Mjomba, nakala ya hesabu hizi umeiweka wapi pengine?” Akacheka. “Nakala ya nini, mpwa wangu? Hapa pana ukuta wa moto. Kirusi kikija kitaungua.”

Haukupita muda mrefu, akaenda kwenye duka moja kuchapisha fomu za wanachama, akarudi na flashi yake, akaichomeka. Siku ya pili mafaili yote yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo asioujua, na kwenye kioo pametokea maandishi ya kudai fedha. Furushi lake la ulinzi lilikuwa bado linaonyesha alama ya kijani. Wanachama walikaa wiki nzima wakikumbushana nani anadaiwa nini, na wapo waliokumbuka kidogo kuliko walivyokopa.

Sasa tumsikilize tena mzee huyu alivyosema, maana Kiswahili chake kilikuwa sahihi kabisa. Katika lugha yetu, kiunganishi -a baada ya nomino hueleza mambo mengi, lakini baada ya neno kama “ukuta” jambo la kwanza lijalo akilini ni kile ukuta ulichojengewa: ukuta wa mawe, ukuta wa udongo, ukuta wa matofali. Na likifuatwa na “moto”, huleta maana ya joto kali: maji ya moto, uji wa moto. Kwa hiyo “ukuta wa moto”, kwa msemaji yeyote wa Kiswahili ambaye hajasoma kitabu cha Kiingereza, ni ukuta uliofanywa kwa moto, au ukuta unaounguza. Chochote kiugusao huteketea. Mjomba hakulielewa neno vibaya. Neno ndilo lililomweleza vibaya.

Katika Kiingereza maana ni kinyume. Waashi wa Ulaya na Marekani waliliita kwa jina hilo lile pambazo la matofali lijengwalo kati ya nyumba mbili zilizoshikana, ili nyumba moja ikiwaka moto usivuke kwenda ya pili. Baadaye jina likahamia kwenye bamba la chuma lililo kati ya injini na dereva katika gari. Ukuta huo hauna moto, wala hauunguzi kitu. Kazi yake ni kuukinza moto wa mwingine. Wataalamu wa kompyuta walipoliazima jina hilo, walikuwa wakiazima picha ambayo kwao tayari ilikuwa imezoeleka. Sisi tuliipokea picha bila ya nyumba zake. Hata “kingamoto”, ambalo walau linaeleza kukinga, bado linamwachia msikilizaji swali: moto uko wapi katika kompyuta? Fundi wa umeme ataliona neno hilo na kufikiri kwamba ni kifaa cha kuzuia waya zisiwake.

Tuuache moto basi, tuangalie kazi. Kompyuta zinapozungumza katika intaneti, maneno yao hukatwakatwa na kupelekwa katika pakiti ndogo ndogo. Kila pakiti imeandikwa juu yake anwani ya ilikotoka, anwani ya iendako, na nambari ya mlango ambao yataka kupitia. Milango hiyo si ya mbao. Ni nambari tu, kutoka 1 hadi 65,535, na kila huduma katika kompyuta husikiliza kwenye mlango wake. Kuchangia mafaili katika Windows, kwa mfano, hutumia mlango wa 445. Na kuitawala kompyuta kutoka mbali hutumia ule wa 3389. Programu tunayoizungumzia hukaa mahali pa kuingilia, husoma kilichoandikwa juu ya pakiti, huangalia katika orodha ya amri alizopewa na mwenye nyumba, kisha hufanya moja kati ya mawili: hupitisha, au huzuia. Haipigani na mtu, wala aghalabu haifungui mzigo na kutazama ndani yake. Na siku hizi, ambapo mazungumzo mengi katika wavuti yamefungwa kwa maandishi ya siri, hata ikitaka kutazama haioni zaidi ya bahasha.

Hapa ndipo mtu wa Tabora, kuliko mtu wa mahali pengi, ana mfano ulio mlangoni pake. Mji huu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliujua pia kwa jina la Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara: kutoka Bagamoyo upande wa mashariki, kwenda Ujiji upande wa magharibi, na kwenda nchi za ziwa upande wa kaskazini. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa na mizigo, na watumwa walipita hapa na minyororo. Nyumba ya kawaida ya watu wenye mali katika nchi hii ilikuwa tembe: jengo refu lililouzunguka ua, dari yake bapa ya miti na udongo, kuta zake za nje nene na zenye matundu machache, na lango. Tembe la Kwihara, karibu na mji, ambamo David Livingstone alikaa kwa miezi kadhaa mwaka 1872, limehifadhiwa kama makumbusho, na msomaji aweza kwenda kulitazama.

Ukilitazama utaona kwamba ukuta haukuwa na kazi ya kufikiri. Kazi ya kufikiri ilikuwa langoni. Tuwaze mtu aliyekaa pale jioni. Wakija watu kumi kutoka nje wanaosema wametumwa, atawauliza. Lakini wakija watoto wa humo ndani waliotoka asubuhi kuchota maji, hatawauliza, kwa sababu aliwaona wakitoka na anajua wanapaswa kurudi. Programu za leo za ulinzi wa lango hufanya vivyo hivyo. Unapofungua ukurasa wa gazeti, kompyuta yako ndiyo iliyoanza kuuliza. Programu hukumbuka kwamba swali limetoka, na jibu likirudi hulipitisha. Pakiti inayokuja bila kuitwa na mtu wa ndani, hiyo ndiyo isimamishwayo. Uwezo huu wa kukumbuka ndio kiini cha ulinzi wa kompyuta ya nyumbani, na hakuna chembe yake katika neno “ukuta”, achilia mbali “moto”.

Na lango lisilo na mlinzi ni nini? Tunao mfano unaojulikana dunia nzima. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na programu ya kulinda lango, lakini kwa kawaida ililetwa ikiwa imezimwa, na watumiaji wengi hawakujua kwamba ipo. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kikasambaa kwa kupitia mlango wa 135, kikiingia katika kompyuta ambazo wenyewe hawakufungua barua wala kubonyeza kitu. Ilitosha kuwa zimeunganishwa na intaneti. Mwaka uliofuata, katika marekebisho makubwa ya pili ya XP, kampuni ya Microsoft iliamua kwamba ulinzi huo uwe umewashwa tangu mwanzo. Hata hivyo, Mei 2017 kirusi WannaCry kilipita katika mlango wa 445 na kuzifunga kompyuta katika nchi nyingi, ingawa dawa ya ufa ule ilikwisha kutolewa Machi ya mwaka huohuo. Waliokuwa wameufunga mlango ule kwa watu wa nje, na waliokuwa wameweka dawa, kirusi hakikuwapata kwa njia hiyo.

Kupima lango

Mtu aliyenunua furushi la ulinzi atajuaje basi kama sehemu hii yake inafanya kazi? Alama ya kijani si ushahidi. Hiyo ni programu inayojisifu yenyewe. Ushahidi hupatikana kwa kubisha hodi kutoka nje na kusikiliza.

Wengi hufanya hivyo kwa kufungua moja ya tovuti zinazotoa huduma ya kubisha milango, wakaona majibu yanasema milango yote imefungwa, wakaridhika. Hapa pana kosa ambalo ni vema tulikazie, kwa maana ni kosa la mahali linapopimwa. Nyumba yenye ruta ina malango mawili: la ruta, na la kompyuta. Tovuti iliyo mbali hubisha lango la ruta tu. Na kwa wengi wetu tunaopata intaneti kwa simu au modemu, mambo ni ya mbali zaidi, kwa sababu makampuni ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti kwa pamoja. Hapo hodi unayoipiga inaishia langoni kwa kampuni ya simu. Ukiambiwa “pamefungwa”, umesifiwa ulinzi wa mtu mwingine. Programu uliyoilipia yaweza kuwa imelala, nawe usijue.

Kipimo cha haki ni kubisha kutoka ndani ya ua uleule. Chukua kompyuta ya pili, iunganishe katika waifai ileile, na kwa kutumia programu ya kukagua milango, kama ile ya bure iitwayo Nmap ambayo imekuwapo tangu 1997, iulize kompyuta unayoipima mlango kwa mlango. Angalia hasa ule wa 445 na wa 3389. Kisha kata uhusiano wa ruta na intaneti, zima ulinzi kwa dakika chache, na urudie. Tofauti kati ya orodha hizo mbili ndiyo kazi ya kweli ya programu yako. Kama hakuna tofauti, ama kompyuta haikuwa na huduma yoyote iliyokuwa ikisikiliza, ama programu haifanyi kitu. Usisahau kuuwasha tena ulinzi kabla ya kuirudisha intaneti. Na upimaji huu mtu aufanye kwa kompyuta zake mwenyewe tu. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kubisha milango ya jirani si utani.

Majibu ya hodi ni ya namna tatu. Kuna mlango unaoitikia, kuna unaokataa, na kuna unaonyamaza kama kwamba hapana nyumba. Wauzaji hupenda kuusifu sana huo wa tatu. Kwangu mimi tofauti ya kukataa na kunyamaza ni ndogo. Mlango uliofungwa umefungwa, awe mwenye nyumba amesema “sitaki” au amekaa kimya.

Jambo lililo kubwa zaidi, na ambalo hupimwa mara chache, ni watokao. Programu ya ulinzi iliyo katika Windows, kwa jinsi inavyoletwa, huwazuia waingiao bila kuitwa lakini huwaruhusu watokao wote. Mafurushi mengi ya kununuliwa hudai ubora wake uko hapa: kwamba yatakamata programu mbaya iliyokwisha kuingia na inayotaka kupeleka siri zako nje. Dai hilo lina ukweli, lakini si wote. Mwaka 2000 Mmarekani Steve Gibson alitoa programu ndogo isiyo na madhara, ambayo kazi yake ilikuwa kujaribu kutoka nje kwa hila, ili mwenye kompyuta aone kama mlinzi wake ataishtukia. Baadaye wengine walitunga nyingi zaidi za namna hiyo, na kila iliyozuiwa ilifuatwa na nyingine iliyotafuta kichochoro.

Sababu yake yafahamika kwa mtu aijuaye historia ya nchi hii. Mwaka 1871 mtawala Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Agosti ya mwaka huo, baada ya kuwavizia na kuwavunja waliokwenda kumshambulia, alifika hadi Tabora yenyewe, na sehemu ya mji ikateketezwa. Njia kuu ilikuwa imefungwa kweli kweli. Hata hivyo Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, hakurudi pwani. Alitoka Kwihara mwezi wa Septemba, akazunguka upande wa kusini, akafika Ujiji. Programu mbaya hufanya hayohayo. Ikikatazwa kutoka kwa jina lake, hujificha ndani ya programu iliyokwisha kuruhusiwa, kama ile tunayotumia kusomea wavuti, ikatoka kwa jina la mwenzake. Mlinzi wa lango anaona uso anaoujua. Kwa hiyo ulinzi wa watokao ufikiriwe kuwa kengele ya kumwamsha mwenye nyumba. Kengele husaidia, lakini adui aliyekwisha kuwa ndani aweza pia kuikata kamba yake.

Kuna na udhaifu mwingine, wa upande wetu. Baadhi ya programu hizi huuliza kila mara: “Programu fulani inataka kutoka. Niruhusu?” Zikiuliza mara tatu kwa siku, mwenye kompyuta atasoma. Zikiuliza mara thelathini, atabonyeza “ndiyo” ili aendelee na kazi yake. Misafara ya zamani ilitozwa hongo katika nchi baada ya nchi, na neno hilo wakati ule lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita, uliodaiwa hadharani. Leo kila mtu ajua hongo ni nini. Ruhusa itolewayo kwa kuchoka huelekea kuharibika kwa namna hiyohiyo. Katika kulipima furushi, basi, hesabu maswali yake kwa wiki moja, na ujiulize ni mangapi uliyaelewa kabla ya kuyajibu.

Mengine ni mepesi. Kompyuta ikiunganishwa na waifai ya hoteli au ya kituo cha basi, iambiwe kwamba hapo ni hadharani, si nyumbani, kwa sababu amri za lango hutofautiana. Walinzi wawili wa lango moja wasiwekwe pamoja, kwani hugombana. Leseni ya furushi ikiisha, mtu ahakikishe kwamba ulinzi wa Windows wenyewe umerudi kazini. Na ajue kwamba Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Lango jema halizibi nyufa zilizo katika nyumba.

Kuhusu flashi ya mjomba, hakuna kipimo kati ya hivi ambacho kingeizuia. Haikupita langoni. Aliibeba mwenyewe mfukoni, akaingia nayo hadi chumbani. Wa kulaumiwa, ikiwa yupo, ni sehemu ile nyingine ya furushi iliyopaswa kuukagua mzigo, pamoja na ukosefu wa nakala. Na juu ya yote hayo, jina lililomfanya aamini kwamba nakala haihitajiki.

Jina

Tuliitaje basi? “Ngome” lina heshima, na ni fupi. Lakini ngome ni ya vita; hufunga, hustahimili, ama huvunjwa. Watu wa Unyanyembe wanaikumbuka ngome ya mtemi Isike, iliyowashinda Wajerumani katika mashambulio ya mwaka 1892, hata ikavunjwa Januari 1893, naye Isike akalilipua ghala la baruti. Programu yetu haikai katika hali hiyo. Sehemu kubwa ya siku yake ni kupitisha, si kuzuia. “Boma” nalo limekwisha kupata kazi nyingi, kuanzia zizi la ng'ombe mpaka ofisi ya wilaya.

Mimi naelekea kwenye “bawabu”. Ni neno la siku nyingi, limo katika kamusi, na maana yake ni mtu alindaye mlango. Linaeleza kazi yenyewe: kuuliza, kukumbuka, kupitisha, kuzuia. Tena linaeleza na mipaka yake, kwa sababu hakuna mtu anayemtegemea bawabu azime moto, au atibu wagonjwa walio ndani, au apekue mifuko ya mwenye nyumba. Mtu akiambiwa “kompyuta yako ina bawabu”, swali lake la pili litakuwa la maana: ni bawabu wa namna gani, na amepewa amri zipi?

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba “ukuta wa moto” limekwisha kuenea, na neno lililoenea haliondolewi kwa makala. Ni kweli, lakini Baraza letu, tangu lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, limewahi kuyakuta maneno mengi barabarani na kuyapa mwenzi aliye bora, watumiaji wakachagua. Tena lugha imewahi kuchota maneno kutoka bara na yakashika: “ikulu” latokana na jina la makao ya mtemi huku kwetu magharibi, na leo hakuna alionaye geni. Pingamizi ya pili ni ya sarufi, nayo ni nzito zaidi. Bawabu ni mtu, na upatanisho wake ni wa viumbe: bawabu amezuia, mabawabu wamezuia. Je, programu isemwe kama mtu? Wapo watakaopendelea “kibawabu”, kwa kuwa ki- hutupatia majina mengi ya vyombo, kama kiyoyozi na kikotoo. Hapo tutasema kibawabu kimezuia, vibawabu vimezuia. Nilimsomea mjomba sentensi zote mbili. Alichagua ya kwanza, akasema mlinzi anayeitwa kwa ki- hataogopwa na mtu. Sikubaliani naye, kwani kifaru chaogopwa. Lakini nazileta zote mbili mbele ya wasomaji, pamoja na ombi kwamba atakayeandika kutetea mojawapo ailete ndani ya sentensi nzima, kama itakavyotokea kwenye kioo cha kompyuta, si kama neno lililo peke yake katika orodha.